Goti Halihimizwi kwa Makofi

Katika viwanja vya shule zetu hapa Mwanza, mwanafunzi aliyeumia goti huambiwa ajikaze, arejee mchezoni. Hutajwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji. Ushujaa huo twauheshimu, lakini si kanuni ya tiba. Kano ya katikati ya goti ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe. Baada ya upasuaji, yafaa mchezaji asubiri takriban miezi 9 au zaidi, akiimarisha misuli ya paja hatua kwa hatua. Mvuvi hashushi mtumbwi ziwani kabla ya kuziba ufa. Walimu, afadhali kupoteza msimu kuliko kumpotezea kijana mguu.