Kompyuta Zetu Zapasa Kupewa Jina

Wako wenzangu wanaodhani kwamba neno kikoa limetungwa juzi kwa ajili ya kompyuta. Sivyo. Watu wa pwani walikuwa wakila kikoa tangu zamani: jamaa kadhaa hupatana kula pamoja, leo huyu aleta chakula, kesho yule, na sahani ni ya wote. Siku hizi neno lilo hilo latumika kwa jina la pamoja ambalo chini yake hukaa majina ya kompyuta nyingi. Nami nadhani aliyelichagua alichagua vema, maana ninalotaka kusema katika gazeti letu ni hili: kompyuta za shule zipewe kikoa, na kikoa hicho kiwe mali ya shule yenyewe, kisiwe cha mwalimu fulani, wala cha fundi, wala cha mwanafunzi hodari.

Kwanza haja yenyewe. Hivi sasa mtu akitaka kusoma mitihani ya zamani iliyowekwa katika kompyuta ya pembeni, hukaa kwenye kompyuta nyingine na kuandika namba, mathalan 192.168.1.14. Namba hiyo haina ubaya, ila si ya kudumu. Hutolewa na ruta, yaani kile kisanduku kigawacho intaneti chumbani, na umeme ukikatika kisha ukarudi, yamkini kompyuta ile ikapewa namba nyingine. Hapo Kidato cha Kwanza hukaa wakingoja mkubwa aje awaambie namba ya leo. Na wakubwa wenyewe ni sisi wa Kidato cha Nne, ambao Novemba twafanya mtihani wa taifa na kwenda zetu.

Shida hii wengine wameiona zamani. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, kompyuta zilizounganishwa katika mtandao wa ARPANET zilikuwa chache, na majina yake yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa California katika taasisi ya SRI, na ofisi iliyoongozwa na Bibi Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuipa kompyuta yake jina aliiomba ofisi hiyo, na wenye kompyuta wakachukua nakala ya orodha. Kompyuta zilipozidi kuongezeka, orodha moja haikufaa tena. Mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris akaeleza mpango mwingine: kila kundi litunze majina yake lenyewe, chini ya jina kubwa lililokabidhiwa. Ndiyo asili ya vikoa. Nchi yetu ina .tz, na chini yake go.tz ni ya serikali, ac.tz ni ya vyuo, na sc.tz ni ya shule. Shule ikiisha kupata jina lake chini ya sc.tz, yaweza kuongeza majina ya kompyuta mia chini yake pasipo kumwomba mtu ruhusa wala kulipia kila moja.

Walakini wako wasemao: ya nini kulipa ada kila mwaka? Na tujitungie jina letu la ndani, nani atajua? Hawa nawajibu kwa habari ya .dev. Mafundi wengi wa programu duniani walikuwa wakizipa kompyuta zao za kazi majina yaishiayo kwa .dev, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halina mwenyewe. Mwaka 2014 likapata mwenyewe, nao ni Google. Mwishoni mwa 2017 kivinjari chao cha Chrome kikaanza kulazimisha kila jina la .dev lifunguliwe kwa njia ya siri yenye cheti, na mafundi wale wakaona kurasa zao wenyewe, zilizo katika kompyuta zao wenyewe mezani, hazifunguki. Ukijenga kibanda katika kiwanja usichopewa, usishangae mwenye hati akija.

Ikiwa fedha hazijapatikana, iko njia ya halali. Mwaka 2018 jina home.arpa lilitengwa kwa mitandao ya nyumbani, na mwaka 2024 ICANN, wasimamizi wa majina ya dunia, wakalitenga neno .internal kwa matumizi ya ndani, lisiuzwe kwa mtu yeyote. Kwa hiyo twaweza kuanza na hilo muhula ujao bila senti moja. Programu iitwayo dnsmasq hutolewa bure, hukaa hata katika kompyuta kuukuu, nayo hugawa namba na kutunza majina kwa pamoja. Na jambo lililonifurahisha zaidi, majina ya ndani huendelea kufanya kazi hata siku ambayo intaneti imekatika, na siku hizo hapa kwetu si chache.

Wazazi nao wana hofu yao, kwamba kuipa kompyuta jina ni kuifungulia kwa dunia nzima. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jina si mlango. Namba zianziazo na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, na nyumba nyingi mno duniani zatumia zilezile. Mtu wa nje hawezi kuzifikia mpaka ruta iamriwe kumpitisha. Kuandika “Ofisi” juu ya mlango hakuondoi kufuli.

Juu ya majina ya kila kompyuta, nasikia tayari wamo wanaotaka moja iitwe Simba na ya pili Yanga. Nawasihi waache, kama hatutaki vita chumbani. Bwana Don Libes aliandika mwaka 1990 mashauri juu ya jambo hili hili, akakataza majina ya kuchokozana, na pia jina la mtu mwenyewe, na jina la kazi maalumu ya kompyuta. Maana ukiiita Kemia, na mwakani ikahamishiwa ofisi ya bohari, utakuwa na Kemia ihesabuyo magunia ya maharage. Mimi naona mito yatosha: Rufiji, Ruvuma, Pangani, Wami, Kagera, Malagarasi.

Yabaki neno la mwenye jina, na hapa naomba walimu wetu wanivumilie. Jina la kikoa halinunuliwi likaisha. Hukodiwa kwa muda, na aliyeandikwa kuwa mwenyewe ndiye aletewaye barua ya kukumbusha ada. Tuseme mwalimu mwenye moyo mwema aliandikishe kwa jina lake na barua-pepe yake, kisha apewe uhamisho kwenda mkoa wa mbali. Kumbusho litamfuata huko, au litakwenda katika anwani asiyoifungua tena. Ada isipolipwa jina hurudi sokoni, na mtu mwingine yeyote mwenye haki ya kuomba aweza kulichukua. Hapo hapana wa kulaumiwa, lakini shule imepoteza jina lake.

Basi ombi liandikwe kwa jina la shule, kwa sanduku la posta la shule, na barua-pepe ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Ada iingizwe katika makadirio ya kila mwaka pamoja na chaki na karatasi. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha na kufungiwa sandukuni mwa mhasibu. Daftari la majina na namba za kompyuta nimekwisha kulianza, lina kurasa tatu, na kabla ya Novemba nitalikabidhi kwa mwenyekiti wa chama cha kompyuta wa Kidato cha Tatu, nakala moja ibaki ofisini.