Magari ya spoti ya leo: Machache ndiyo yatakuwa hazina kesho

Kila Mbio za Magari za Safari zinaporejea Naivasha, barabara ya kutoka Nairobi hufurika magari madogo ya buluu yenye ekzosi za kunguruma. Wapo madereva wanaotoka Eldoret, wapo wanaovuka mpaka wa Malaba au Namanga. Wengi ni vijana wenye ajira, na si wachache walionunua magari hayo kwa mkopo wa benki au wa Sacco. Wakiulizwa kwa nini wajitwike deni la miaka minne kwa gari linalokunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni, jibu lao limeshazoeleka: hili si gari la matumizi tu, ni akiba, litapanda bei kama kiwanja.

Hoja hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2023 gari aina ya Nissan Skyline GT-R R34, lililoendeshwa na mwigizaji Paul Walker katika filamu, liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.3 za Marekani. Miaka 2 kabla ya hapo McLaren F1, gari la miaka ya 1990 ambalo yalitengenezwa 106 tu, lilipita dola milioni 20. Hata Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ilikuwa gari la bei ya kawaida ilipotoka kiwandani. Leo ikiwa nzima hugombaniwa.

Lakini habari za minada husimulia walioshinda tu. Kwa kila gari moja lililopanda bei, yapo mengi ya rika lake yaliyokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, na hayo hayapigwi picha. Swali ni magari gani ya spoti yanayotoka viwandani leo yatafuata njia ya 240Z, na yapi yataishia kwa wauza vyuma chakavu. Jibu la kweli halitawafurahisha wengi: yatakayovuka ni machache mno.

Uchache peke yake hautoshi, maana uchache wa siku hizi mara nyingi ni wa kupangwa. Mwaka 2016 Porsche ilitoa 911 R, magari 991 pekee, yenye gia za kubadilisha kwa mkono wakati kampuni hiyo ilikuwa imeondoa gia za aina hiyo katika modeli yake ya GT3. Wanunuzi wa mwanzo walianza kuyauza tena kwa bei ya juu mno kuliko waliyolipa. Mwaka uliofuata Porsche ikarudisha gia za mkono katika GT3 yenyewe, na bei ya 911 R ikaporomoka. Gari lilikuwa lile lile, na idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu wachache katika ofisi moja huko Ujerumani. Anayeweka akiba yake katika gari jipya la toleo maalumu anaiweka chini ya uamuzi wa namna hiyo.

Jambo zito zaidi ni ukarabati. Gari la mwaka 1973 hufunguliwa kwa spana na kufungwa kwa spana. La miaka ya 1990 lina kompyuta, lakini fundi mzoefu wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa soko la Kisekka jijini Kampala analimudu, na kipuri kisichopatikana huchongwa. Gari la spoti la leo ni kitu kingine. Kompyuta zake kadhaa huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na kifaa kipya kikifungwa mara nyingi hakikubaliki mpaka programu ya kiwanda ikitambue. Programu hiyo iko mikononi mwa mtengenezaji, na siku akiamua kwamba modeli hiyo imepitwa na wakati, hakuna fundi wa mtaani atakayeichonga kwa tupa.

Kisha kuna betri. Magari mengi ya kasi ya leo huchanganya petroli na umeme, na betri huchoka hata gari likikaa gereji chini ya turubai. Ferrari yenyewe imelazimika kuuza dhamana ya nyongeza ambayo mteja huilipia ili abadilishiwe betri miaka inavyokwenda. Matajiri wanaoweza kulipa watalipa. Anayenunua gari la namna hiyo likiwa mtumba, baada ya mmiliki wa tatu, atarithi betri iliyochoka na bili yake. Kuhusu magari ya kasi yanayotumia umeme mtupu, Mate Rimac, anayeyatengeneza huko Croatia, amekiri hadharani kwamba wanunuzi wa ngazi hiyo hawavutiwi nayo kama ilivyotarajiwa.

Kwa hiyo yatakayobaki na thamani ni yale yanayoonekana ya kizamani hata leo: mepesi, yenye klachi na gia za mkono, yasiyo na betri kubwa, na yenye historia ya mashindano nyuma yake. Mfano ulio karibu na watu wa kanda hii ni Toyota GR Yaris, gari dogo la milango miwili na silinda tatu lililoanza kuuzwa 2020 kutokana na mbio za dunia. Toyota imeshinda Safari kila mwaka tangu mbio hizo ziliporudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia 2021 hadi 2025. Ikiwa kuna gari la leo ambalo mtoto aliyesimama kando ya vumbi la Naivasha atalitaka akiwa na miaka 50, huenda ndilo hilo.

Hapo ndipo sheria zetu zinapoingia, na hapo pana kichekesho. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa sheria ya 2018. Tanzania huruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8 na mkubwa zaidi likizidi 10. Marekani imekwenda kinyume kabisa: gari ambalo halikutengenezwa kwa kanuni zake za usalama huruhusiwa kuingia likishafikisha miaka 25. Ndiyo maana bei ya Skyline za Japani ilipanda jinsi umri huo ulivyokaribia. R34 za kwanza, za 1999, zilifunguliwa mlango 2024.

Basi tufuate GR Yaris ya 2020. Bandari ya Mombasa itaifungia mlango 2028. Uganda itaifungia 2035. Marekani, ambako gari hilo halikuuzwa kabisa, itaifungulia 2045. Kwa maneno mengine, gari hukataliwa kwetu kama takataka muda mrefu kabla ya kwingineko kulipokea kama hazina. Yaliyokwisha kuingia ndiyo hayo hayo, hayataongezeka.

Na hayo yaliyoingia yanafanywaje? Subaru Impreza, aina ambayo Patrick Njiru aliifikisha nafasi ya 4 katika Safari ya 1994, hupewa injini ya gari jingine, hukatwa chemchemi ili liiname, hupakwa rangi mara tatu. Kijitabu cha matengenezo kilichokuja nalo kutoka Japani hutupwa siku ya kwanza kwa kuwa hakuna anayeweza kukisoma. Baadaye mmiliki huyo huyo hushangaa mnunuzi akimpa bei ya mtumba. Mkusanyaji hununua namba ya chasisi inayolingana na injini, pamoja na karatasi za kuthibitisha; ngurumo ya ekzosi haimshughulishi.

Vikomo vya umri havikuwekwa kwa ubaya. Nchi zetu zimekuwa jaa la magari yaliyochoka ya mataifa mengine, na moshi wake unavutwa na watoto wa Nairobi na Kampala. Kuondoa vikomo hivyo ili kuwafurahisha wapenda mbio kungekuwa kosa. Linalowezekana ni kutenga mlango mdogo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hutambua gari la kihistoria kuwa lenye angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali yake ya asili, na lisilotumika kwa safari za kila siku. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaweza kuichukua tafsiri hiyo kama ilivyo na kuiweka katika kanuni moja kwa nchi zote wanachama, yenye usajili maalumu na kikomo cha kilomita kwa mwaka.

Umoja wa kanuni ndio kiini. Leo gari la kale ambalo Mtanzania amelilipia kila ushuru na kulisajili Arusha, mnunuzi wa Nairobi akilitaka atakumbana na ukuta wa miaka 8. Likielekea Kigali, litakuta barabara za kuendesha upande wa kulia na nchi iliyoukataa usukani wa upande huo huo tangu miaka ya 2000. Soko la wanunuzi waliotawanyika hivyo, kila mmoja nyuma ya mpaka wake, haliwezi kuzaa bei. Mbio za kwanza za 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika safari moja. Magari yaliyotokana nazo hayawezi kuuzwa katika nchi hizo tatu kwa kanuni moja.

Hadi kanuni hiyo ipatikane, wakopeshaji wana wajibu wao. Gari la spoti lisiandikwe katika fomu ya mkopo kama mali inayopanda thamani. Hata R34 ilishuka kwanza kwa miaka mingi kabla ya kupanda, na mwenye deni la miezi 48 hana miaka mingi ya kusubiri. Anayelipenda gari lake alinunue kwa fedha alizo nazo, aiache injini yake ilivyo, na kile kijitabu cha Kijapani akiweke kabatini.