Filamu ikizimwa, uliza nani ameizima

Ndugu msomaji, tangu M23 waingie Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, video za vita vya Kongo zinapita kutoka simu hadi simu. Siku moja mtu ataleta skrini na jenereta atuonyeshe filamu ndefu ya mambo hayo, na wengine watasema izuiwe. Kabla hujachagua upande, sikia yaliyotokea Lira.

Lira ni mji wa kaskazini mwa Uganda, eneo lililoteswa miaka mingi na waasi wa LRA wa Joseph Kony. Karibu na hapo, kwenye kambi ya Barlonyo, mamia ya watu waliuawa Februari 2004. Machi 2012 shirika la Kimarekani, Invisible Children, lilitoa kwenye intaneti filamu ya nusu saa iitwayo KONY 2012, ikatazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Wengi wa Lira, wasio na intaneti, hawakuwa wameiona. Shirika la hapo hapo, AYINET, likawawekea skrini uwanjani tarehe 13 Machi, kwa nia njema: anayesemwa na dunia nzima naye asikie anasemwaje. Maelfu walikuja.

Wakatafuta sura zao, wakaona zaidi ya Mmarekani aliyetengeneza filamu na mtoto wake mdogo. Kisha yakaja mabango, fulana na bangili zenye jina la Kony. Hebu fikiri: mwanao alitekwa, na jina la aliyemteka limechapwa kwenye fulana ili lipate umaarufu! Kwamba Kony alikuwa ameshaondoka Uganda tangu miaka ya 2006 hivi, filamu iligusia kidogo tu. Watu walipiga kelele, wengine wakarusha mawe. AYINET ikasimamisha maonyesho mengine iliyokuwa imepanga. Mawe yalikuwa kosa, yangeweza kumpasua jirani kichwa. Ila kusimamisha, nionavyo mimi, kulikuwa sawa.

Sasa linganisha na Kinshasa. Septemba 2015 serikali ilipiga marufuku filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman kuhusu daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, anayetibu wanawake waliobakwa vitani. Waziri Lambert Mende alisema filamu inachafua jeshi, na kwamba maneno ya waathirika yametafsiriwa vibaya. Hoja ya tafsiri si ya kudharau. Lakini wa kuipima ni mtu wa Kivu anayejua lugha ile, naye ndiye aliyenyimwa kuitazama! Mwezi uliofuata marufuku iliondolewa.

Lira, waliokataa ni walioumizwa, na walikataa baada ya kuona. Kinshasa, aliyekataa ni mwenye jeshi lililotajwa, akakataa kwa niaba ya wote.

Najua hofu ya wengi hapa: mkimbizi akipinga filamu ya siasa, je, si kuvunja sheria? Mkataba wa OAU wa 1969, ibara ya III, unakataza wakimbizi kufanya hujuma dhidi ya nchi yoyote mwanachama wa umoja huo, iwe kwa silaha, magazeti au redio. Kwa hiyo filamu inayochochea watu wachukue silaha ni hatari kwa anayeileta na kwa walioalikwa. Lakini kubaki nyumbani jioni hiyo, au kumwambia mwandaaji kwa adabu kwamba filamu yake inakuumiza, sioni hujuma hapo.

Mwenyeji wa Nchelenge naye ana neno, maana skrini ya uwanjani haichagui mtazamaji. Nanyi nyote, mwandaaji akija, muulizeni mapema: filamu iko kwa lugha gani, na Kibemba je? Walioonyeshwa nyuso zao walikubali? Baada ya filamu kutakuwa na muda wa kuongea, au jenereta itazimwa watu watawanyike na hasira zao gizani? Na watoto, saa hiyo ya usiku, watakuwa wapi?