Nani Aende Kwenye Mkutano wa Teknolojia ya Elimu?

Mei 2025 Dar es Salaam ilipokea wageni wa eLearning Africa, mkutano wa kila mwaka unaokusanya watu wa teknolojia ya elimu kutoka pembe zote za bara. Mkutano huu ulianzia Addis Ababa mwaka 2006, ukaenda Nairobi mwaka uliofuata, na tangu hapo umehama kutoka Dakar hadi Lusaka, kutoka Windhoek hadi Kigali. Kwa Dar es Salaam ilikuwa mara ya pili, kwani jiji hilo lilikuwa mwenyeji mwaka 2011. Katika miaka 14 iliyopita katikati mengi yamegeuka. Mwaka 2011 mwalimu mwenye simu janja alikuwa wa kuhesabika. Safari hii mazungumzo yalikwishafika kwenye akili mnemba.

Lakini swali moja limebaki palepale, nalo halihusu mashine. Ni nani anayeketi kwenye viti vile?

Mikutano ya aina hii, hapa kwetu na kwingineko, huvuta mawaziri, makatibu wakuu, wahadhiri, maofisa wa mashirika ya misaada na kampuni zilizopanga bidhaa zao kwenye mabanda. Wote wana sababu ya kuwepo. Anayepatikana kwa nadra ni mwalimu wa Darasa la Tatu, yule ambaye asubuhi hiyohiyo anasahihisha madaftari 80 huku mwalimu wa taaluma akimkumbusha andalio la somo. Barua ya mwaliko hushuka kwa ngazi, na kila ngazi ina mtu mwenye sababu nzuri ya kusafiri. Nchini Kenya wakuu wa shule za msingi na za sekondari hukutana Mombasa kila mwaka kupitia vyama vyao, na teknolojia haikosi kwenye ajenda. Walio chini yao hubaki shuleni, wakisubiri watakachosimuliwa.

Mtu anaweza kusema hilo si tatizo, maana kiongozi ndiye mwenye bajeti, na akishawishika yeye shule nzima itabadilika. Hoja hiyo ina nguvu. Hakuna mwalimu anayeweza kununua projekta kwa mshahara wake, na mwalimu mkuu asiyeelewa faida ya kifaa ndiye atakayekifungia kabatini. Hata hivyo, historia ya karibu ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba kumshawishi mwenye bajeti ndiyo sehemu nyepesi. Bajeti zimekwisha kushawishika mara nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu, maofisa elimu na wathibiti ubora wa shule. Baadhi ni vilevile vilivyotumika miezi michache kabla kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu vifaa vilivyolipiwa na umma kwa kazi ya siku chache vilipata kazi ya miaka. Leo, mwalimu wa shule ya kata ana kifaa ambacho miaka kumi iliyopita mhadhiri wa chuo kikuu angekitamani. Lakini mpe mwalimu huyo nafasi aseme, naye atauliza mambo ambayo hayaandikwi kwenye mabango ya ukumbini. Bando nitalipa mimi? Umeme ukikatika siku mbili, nifanyeje? Kishikwambi ni kimoja, watoto ni 90. Kioo hiki kitaonekana na nani zaidi ya wale wa dawati la mbele?

Maswali hayo ni ya kitaalamu. Yanadai majibu ya kitaalamu kama yanavyodai masuala ya usalama wa data, na anayeweza kuyajibu ni mwalimu mwingine aliyeyatatua kwenye darasa linalofanana na lile.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Katika kampeni za mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya mwanzo ikafutwa baada ya mivutano, na mwaka 2016 mradi ukaanza upya kwa vishikwambi. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa kwenye shule za umma za msingi zaidi ya 20,000, na gridi ya umeme ikasogezwa hadi kwenye shule ambazo hazikuwahi kuuona. Mafanikio ya umeme peke yake yanastahili sifa. Vifaa navyo, katika shule nyingi, vilifungiwa stoo kwa hofu ya wezi, na mwaka 2019 serikali ikatangaza kugeukia maabara za kompyuta badala ya kifaa kwa kila mtoto. Peru ilikuwa imekwisha kupita hapo. Iligawa kompyuta zaidi ya milioni moja kwa watoto, na watafiti walipopima, alama za Hisabati na za kusoma hazikupanda. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaitaja Peru kama mfano wa vifaa vilivyogawiwa bila kuingizwa katika ufundishaji wenyewe.

Kuna mfano mwingine ambao waungaji mkono wa teknolojia huutaja kwa fahari, nao unatoka mkoani Tanga. Kati ya mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa mwaka 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji zaidi ya 150 vya mkoa huo. Vilichajiwa kwa umeme wa jua na vilibeba programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Karibu robo tatu ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Hawakupewa mwalimu. Walipewa kifaa, mahali pa kukichajia, na wakaachwa wafundishane.

Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya London na Kitkit School, na programu za washindani zikaachwa wazi ili yeyote azitumie bure.

Mtoto wa Handeni au Korogwe aliyejifunza herufi chini ya mwembe kwa kidole chake mwenyewe anastahili kupigiwa makofi, na waliotengeneza programu hizo walifanya kazi ya maana. Ila hesabu hiyo isomwe mpaka mwisho. Ikiwa zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza, na nusu yao wakaweza, basi zaidi ya wanne katika kila kumi walifikisha mwaka na miezi mitatu na kifaa mkononi bila kuweza kusoma neno moja. Ni watoto wale wanaohitaji mtu wa kugundua kwamba mmoja anachanganya silabi, mwingine hasikii vizuri, na wa tatu kanyang'anywa kishikwambi na kaka yake. Wenyewe onebillion walijua hivyo; kazi yao kubwa ya baadaye, nchini Malawi, imeingia ndani ya shule za serikali, ratiba ikiwepo na mtu mzima akiwepo. Tanga haikuthibitisha kwamba mwalimu anaweza kuachwa. Ilionyesha ni umbali gani mtoto anaweza kufika peke yake, na ni wapi anahitaji kushikwa mkono.

Tanzania, kwa bahati, ina mfano wa zamani zaidi, na inashangaza jinsi usivyotajwa kwenye kumbi za leo. Mwaka 1973 nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Teknolojia ya juu ya wakati ule ilikuwa redio. Kwa wiki 12 vipindi vilirushwa hewani, na kijijini watu wakakaa katika vikundi wakisikiliza pamoja, wakisoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kutenda: vyoo vikachimbwa, maji ya kunywa yakachemshwa, majani kuzunguka nyumba yakafyekwa. Washiriki walifika takriban milioni mbili. Kiini cha mafanikio hayo kilikuwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, waliofunzwa kwa ngazi kabla redio haijawashwa, hadi kila kikundi kikapata mtu wake. Redio ilileta sauti. Mtu aliyefunzwa, aliyejulikana kwa jina na majirani zake, ndiye aliyeigeuza sauti hiyo kuwa choo.

Mpangilio ule unaweza kurudi leo, na kwa sehemu umekwisha kurudi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu huuita MEWAKA, unataka kila shule iwe na jumuiya ya ujifunzaji: walimu wakae pamoja kwa ratiba, wachague tatizo halisi la ufundishaji, walijadili, wajaribu suluhisho darasani, warudi kusema kilichotokea. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli kwenye mfumo wa mtandaoni ambao mwalimu anaweza kuufungua kwenye kishikwambi chake, na vituo vya walimu viko kwenye kata. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha jumuiya hizo na ukumbi wa mkutano. Anayetoka mkutanoni huandika ripoti ya safari, ripoti ikapelekwa juu, ilikotoka ruhusa. Ingepaswa pia kushuka, ikafika kwenye ofisi ya walimu wiki hiyohiyo.

Wapo wanaoona dawa ni kuifuta mikutano hiyo na fedha zake zinunue madawati. Wanakosea, na sababu inaonekana katika maisha ya mwalimu wa Kenya, Peter Tabichi. Alipotunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani huko Dubai Machi 2019, shule yake ya Keriko, katika kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Alikuwa akienda kwenye saiba kupakua masomo, kisha akirudi kuyatumia darasani bila intaneti, na wanafunzi wake wa sayansi wakashinda shule zenye kila kitu. Mbinu ya kupakua huku na kufundishia kule haikuhitaji bajeti ya wizara. Mwalimu wa Kigoma au wa Lamu akimsikia mwenzake akieleza kwa ufundi jinsi alivyofanya, atajaribu Jumatatu. Ualimu ni kazi ya upweke kuliko inavyodhaniwa. Mtu anaweza kufundisha miaka 20 bila kumwona mwenzake wa shule nyingine akifundisha. Mkutano unavunja upweke huo, mradi waliokutana ni wafundishaji.

Lugha nayo ina uzito wake. Lugha za mkutano wa eLearning Africa kwa desturi ni Kiingereza na Kifaransa. Mwalimu wa shule ya msingi ya umma Tanzania Bara anafundisha karibu kila kitu kwa Kiswahili: anafikiri sehemu na desimali kwa Kiswahili, anatania wanafunzi kwa Kiswahili. Akipanda jukwaani kueleza ugunduzi wake kwa Kiingereza, nusu ya ufundi wake itabaki chini. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi mwaka 2022, baada ya UNESCO kukitangazia siku yake, Julai 7. Mkutano unaofanyika Dar es Salaam, Nairobi au Kampala una kila sababu ya kuwa na ukumbi mmoja ambamo vipindi vyote ni vya Kiswahili, wakalimani wakitafsiri kwa wageni.

Faida nyingine ya kumleta mwalimu iko kwenye mabanda ya maonyesho. Ripoti ileile ya UNESCO inaeleza kwamba nchini Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimefanya majaribio ya kulinganisha makundi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Yaani bidhaa nyingi huuzwa kwa maneno mazuri. Ofisa huuliza bei na idadi. Mwalimu atauliza kama inafanya kazi bila mtandao, kama inafuata mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024, na mtoto akikosea inamwambia nini. Muuzaji akizoea kuulizwa hivyo kila mwaka, atarudi na bidhaa bora.

Kwa hiyo halmashauri isiulize tena kama ipeleke mtu kwenye mkutano ujao. Ipeleke. Ofisa mmoja mwenye mamlaka ya bajeti na walimu wawili wa darasani wanatosha, na walimu hao wachaguliwe na wenzao wa kata kwa kazi inayoonekana, posho yao ikilipwa kabla ya safari. Sharti liwe moja: kabla hawajaondoka, tarehe ya kikao cha jumuiya ya ujifunzaji ambapo watafundisha walichokipata iwe imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, na chini yake liandikwe jina la atakayeshika vipindi vyao vya Hisabati kwa siku watakazokuwa safarini.