Kuku wa nani?

Juzi nilikaa kwenye semina ya uandishi wa filamu. Mkufunzi akatuambia kwamba picha haihitaji mkalimani, eti ni lugha ya walimwengu wote. Wenzangu wakanakili. Dakika kumi baadaye, huyo huyo akatupa kisa cha wanakijiji wa Kiafrika walioonyeshwa filamu ya afya wakaambulia kuona kuku. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, na nitakueleza kwa nini, ndugu msomaji.

Kisa chenyewe kilisimuliwa na John Wilson wa London, na Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha 1962. Afisa wa afya alipiga filamu, taratibu kabisa, ya namna ya kuondoa maji yaliyotuama: kukausha madimbwi, kuokota makopo matupu. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kama mna kuku. Wakaikagua picha moja moja. Kweli bwana, kuku alikatiza pembeni kwa kama sekunde moja!

Sasa hapo kipofu ni nani? Aliyemwona kuku aliyekuwepo, au aliyetengeneza filamu asijue kilichomo ndani yake? Na kama picha ni lugha ya wote, mbona mwanakijiji anaposoma chake anachekwa? Chagueni moja, waheshimiwa. Hamwezi kutuambia lugha ni yetu sote halafu mkabaki nyinyi tu na ruhusa ya kusahihisha madaftari.

Hata wakoloni hawakuiamini picha peke yake. Kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, Notcutt na wenzake walipiga filamu za kuwafundisha Waafrika, wakazizungusha kwa lori. Maelezo waliyatia kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Walijua picha bila ulimi haifiki mbali. Ila ulimi waliobeba ulikuwa wa kusema tu. Wa kuuliza waliuacha.

Mimi shule yangu ya sinema ni kibanda umiza. Benchi la mbao, joto kama tanuri, mkanda wa Kihindi au wa Hong Kong, na mkalimani anatafsiri huku anatia chumvi. Watu wanambishia, wanamwonya steringi, wanagombana kama yule adui kakosea au kaonewa. Wasomi wanasema hiyo ni kelele, inaharibu kazi ya sanaa. Najua, wakalimani wanaongopa. Nami niliongopa sana.

Nilikuwa kidato cha kwanza, deki ya kuazima, na bibi yangu hajui neno la Kiingereza. Nikawa Lufufu wa sebuleni. Neno nisilolijua nalitungia. Siku hiyo ulikuwa mkanda wa vita, steringi anamimina risasi, vibanda vinawaka, mie nimepagawa nashangilia. Bibi akanishika mkono.

"Mume wangu, yule mama mwenye mtoto kakimbilia wapi?"

"Mama gani, bibi?"

"Yule aliyetoka kwenye nyumba."

Nikabishana naye, maana mwenye Kiingereza ni mimi. Mwishowe nikarudisha mkanda. Yupo. Nyuma ya bega la steringi, mama kambeba mtoto, anakimbia, anapotea. Picha haikumrudia tena hadi mwisho. Majina yalipoanza kupanda, bibi akasema, "Hawa hawajamaliza," akaenda kulala.

Nilishautazama mkanda ule mara tatu kabla ya usiku huo. Siku hizi nikiandika skripti, kila anayepita nyuma ya steringi ananisumbua: katoka wapi, kaacha nini jikoni? Hilo sikufundishwa semina. Kanifundisha mtu ambaye semina ingemcheka.

Basi nyie wenzangu mnaotaka kuandika filamu, mkimaliza kuonyesha kazi zenu msiulize kama watu "wamepata ujumbe". Waulizeni wameona nini, halafu mnyamaze wakijibu. Wakisema kuku, mtafuteni.

Mwisho wa kipindi nilinyosha mkono. Nikamuuliza mkufunzi yule kuku alikuwa wa nani, na kama kuna aliyewauliza wanakijiji. Akatazama saa, akasema chai iko tayari.