Darubini Tano Nzuri Zatutosha



Klabu imetenga pauni 600 za kununua darubini kwa ajili ya matembezi yetu ya kutazama ndege. Pendekezo lililo mezani ni kununua darubini 20 za pauni 30 kila moja, ili kila anayekuja apate yake. Nia ni njema, lakini sisi hatukubaliani nalo. Tunasema zinunuliwe tano za pauni 120 kila moja, tuzitumie kwa zamu.

Tuanze na namba. Kila darubini huandikwa namba mbili, kama 8x42. Ya kwanza inaeleza kitu kinakuzwa mara ngapi, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 8x42 ni milimita 5 na kidogo. Kwa zile za mfukoni zilizopendekezwa, ambazo ni 10x25, ni milimita 2.5 tu. Adhuhuri ya kiangazi hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa mboni ya jicho imejibana. Lakini sisi hutoka wakati wa masomo, na katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kwenye mwanga hafifu kama huo, darubini ndogo itakuonyesha doa jeusi juu ya tawi, basi.

Wapo wanaosema kumi ni kubwa kuliko nane, kwa hiyo ni bora. Si hivyo. Darubini inayokuza zaidi hukuza na mtetemo wa mkono, na kwa kawaida eneo unaloliona huwa dogo zaidi. Mgeni anainua darubini, anahangaika kumtafuta ndege, na akimpata, ndege kesharuka. Jihadharini zaidi na zile ambazo sanduku lake linajigamba kukuza hata mara 100. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna na suala la miwani. Wengi wetu tunavaa, na walimu wetu pia. Mwenye miwani anahitaji darubini inayomruhusu jicho likae mbali na lenzi kwa milimita 15 au zaidi, la sivyo ataona duara dogo katikati na giza pembeni. Kipimo hicho huandikwa kwenye maelezo ya bidhaa, hivyo tukisome kabla ya kulipa. Tuhakikishe pia haiingizi maji na imejazwa gesi ya naitrojeni, isije ikapata ukungu ndani. Hii ni Uingereza, mvua haiombi ruhusa.

Dukani tuelekeze kila darubini kwenye kibao cha mbali chenye maandishi. Maandishi yakionekana mawili mawili, au macho yakianza kuuma, tuirudishe mezani. Vioo vyake vya ndani havijakaa sawa.

Hatusemi tununue za Swarovski au Zeiss zinazozidi pauni 2,000. Ni nzuri kweli, lakini kwa anayeanza, hatua kutoka pauni 30 hadi 120 ni kubwa kuliko hatua zote zinazofuata.

Tunajua pingamizi litakalokuja: wengine watasimama mikono mitupu. Ni kweli, na hapo ndipo tunapoona faida ya klabu ya Kiswahili. Mwenye darubini itabidi awaeleze wenzake: yuko tawi la kushoto, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia una panda. Wengi wetu tumekulia huku na Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za bibi. Kila chenye mabawa kwetu ni ndege, hata kile kilichowaleta wazazi wetu. Tukipokezana darubini, tutalazimika kutafuta maneno. Mbayuwayu wanaojenga viota kwenye mabanda ya wakulima wa Uingereza huenda Afrika Kusini majira ya baridi, na kekeo waliofungwa vifaa vya setilaiti wamefuatwa hadi misitu ya bonde la Kongo. Ndege hawa wanajua njia ya Afrika kuliko baadhi yetu. Angalau tujue majina yao.

Kisha darubini tano zinaweza kuazimwa kwa kuandikisha jina kwenye daftari. Mwishoni mwa Januari, shirika la RSPB huwaomba watu wa Uingereza wahesabu ndege wa bustanini kwa saa moja, kazi iliyoanza mwaka 1979. Mwanaklabu aweze kwenda na darubini nyumbani, ahesabu pamoja na mama yake na wadogo zake.

Hofu yetu ni moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akija siku moja, akapewa kidude cha plastiki, akaganda kwa baridi na asione kitu, hatarudi. Ataondoka akiamini kutazama ndege ni jambo la wazee wa Kizungu wenye vyombo vya bei mbaya. Darubini 20 zitakuwa kabatini, na yeye tumempoteza.

Kura itapigwa kwenye mkutano ujao. Tunawaomba mchague tano.