AFYA YA MTOTO HUANZA KABLA YA MIMBA



Wako wengine kati yetu ambao wakiona kichwa cha maneno haya watasema, "Chama kimepotea njia. Habari za mimba ni za wanawake na wauguzi. Sisi tupeni habari za mshahara." Twawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho, maana habari hii ni ya mshahara, ya chakula, na ya saa za kazi. Tena wafanyakazi wa reli si wanaume peke yao. Leo wanawake wako katika stesheni, katika ofisi za tikiti, katika karakana, na hata katika kuendesha gari moshi.

Neno letu ni hili: uzito alio nao mama siku anaposhika mimba una maana kubwa kwa mtoto atakayezaliwa. Wengi hudhani ulinzi wa mtoto huanza tumbo likionekana. Sivyo. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbwa na kujifunga katika siku 28 za kwanza, na wakati huo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Kondo la nyuma, ambalo ndilo njia ya chakula cha mtoto, nalo huanza kujengwa katika majuma hayo hayo. Mama huwa anatumia akiba aliyokwisha kuiweka mwilini. Sisi watu wa reli twalielewa jambo hilo upesi. Hakuna mtu anayeanza kumwaga kokoto na kulaza mataruma wakati gari moshi limekwisha kuondoka stesheni.

Madaktari wana kipimo chepesi. Huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita, kisha wakaugawa tena kwa urefu ule ule. Jibu likiwa chini ya 18.5, mtu huyo amekonda mno. Likiwa kati ya 18.5 na 25, uzito wake wafaa. Kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 umezidi sana. Kwa mfano, mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 akiwa na kilo 47 au chini yake amekonda mno. Akiwa na kilo 48 mpaka 63 yu sawa. Kuanzia 64 uzito umezidi, na kuanzia 77 umezidi sana.

Tuanze na mama aliyekonda. Mwili wake hauna akiba. Mara nyingi damu yake pia ni haba kwa kukosa madini ya chuma. Mtoto wake yumo katika hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa mdogo. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2500 huhesabiwa kuwa mdogo mno. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya, na huugua upesi kuliko wenzake.

Sasa mama aliyenenepa mno. Hapa wengi wetu twakosea, maana wako wanaume wanaojivuna wakisema mke mnene ni ushahidi kwamba mume anajua kulisha. Lakini unene uliozidi huleta taabu zake. Mama huyo yumo katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba na ya damu kupanda. Sukari ikizidi katika damu ya mama huvuka ikamfikia mtoto, na mtoto akakua kupita kiasi. Hapo kuzaa huwa kugumu, na upasuaji huongezeka. Baada ya kuzaliwa, sukari ya mtoto yaweza kushuka ghafula. Hatari ya mtoto kufa tumboni huongezeka pia, na ya kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Akikua, mtoto huyo yu karibu zaidi na unene na kisukari.

Mtu atasema, "Mama yangu alikuwa mwembamba kama fimbo na sote tulizaliwa wazima." Hatukatai. Hatari si hukumu. Wako wengi wanaovuka salama, kama vile gari laweza kupita juu ya reli iliyolegea mara kumi lisianguke. Lakini hakuna fundi wa reli atakayeiacha reli hiyo kwa sababu gari la jana lilipita.

Uko mfano mmoja ambao watu wa reli wapaswa kuujua. Mwezi wa Septemba 1944, nchi ya Uholanzi ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Serikali ya Uholanzi iliyokuwa imekimbilia London iliwaita wafanyakazi wa reli wagome ili kuwazuia adui. Watu wapatao 30,000 waliacha kazi, na hawakurudi mpaka nchi ilipokombolewa mwezi wa Mei 1945. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi, kama Amsterdam na Rotterdam. Kisha baridi kali ikagandisha maji ya mifereji, mashua zisipite. Watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa na taabu zake.

Baadaye madaktari waliwafuata watoto waliokuwa tumboni wakati ule wa njaa. Wale ambao mama zao walikuwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wepesi, upungufu wa gramu 300 hivi. Wale ambao mama zao walikuwa na njaa miezi ya kwanza tu, kisha chakula kikarudi, walizaliwa na uzito wa kawaida. Mtu angedhani wao wamepona. Lakini walipokuwa watu wazima, ugonjwa wa moyo ulionekana mwingi zaidi kati yao kuliko kati ya wenzao. Basi njaa ya mwanzo haikuonekana katika mizani siku ya kuzaliwa, lakini mwili haukuisahau.

Tusidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu. Hapa Kenya, zamani za ukoloni, mshahara wa Mwafrika mjini ulipigwa hesabu ya mtu mmoja asiye na mke. Mke na watoto walihesabiwa kuwa watalishwa na shamba la rizavu. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa ripoti, ikakubali kwamba mshahara wapaswa kutosha mtu na jamaa yake. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wamekwisha kugoma kwa ajili ya mshahara, Mombasa mwaka 1947 na Nairobi mwaka 1950. Waliogoma hawakuwa na kipimo cha 18.5, lakini walijua kwamba mshahara wa mtu mmoja hukondesha watu wengi.

Leo taabu ina sura mbili. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 9 katika kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wamekonda mno, na 33 katika 100 walikuwa wamezidi uzito. Watu wengine hucheka, wakisema hao wanene wameshiba. Mwenye kutoka zamu ya usiku akanywa chai ya sukari nyingi na mandazi matatu, mchana akala ugali mkubwa kwa mchuzi, amejaza tumbo tu. Nyama, matunda, maharagwe na mboga vina bei. Sukari na mafuta ya kukaangia hushibisha kwa senti chache. Kwa hiyo tusimcheke mwanamke mnene, wala tusimlaumu aliyekonda. Tuutazame mfuko wa nyumba yao.

Nyumbani yako mambo tunayoweza kufanya bila kumngojea tajiri. Kwanza, desturi ya baba kupakuliwa nyama na mayai huku mama akifuta sufuria iachwe. Pili, omena, ndengu, maharagwe na sukumawiki vina nguvu kuliko soda na mkate. Tatu, tangu mwaka 2012 sheria yadai unga wa pakiti utiwe madini ya chuma na asidi ya foliki. Unga wa kusagiwa kinuni kwa kawaida hauna. Mwanamke anayetaka mtoto aombe kliniki vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla ya kushika mimba. Nne, baada ya kuzaa, mwili upewe angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine, ili akiba irudi. Tano, anayetaka kupunguza uzito apunguze kabla ya mimba, polepole. Akisha kushika mimba asijinyime chakula. Afuate neno la muuguzi.

Lakini mengine ni ya chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Hiyo ni haki njema, lakini yamfaa mtoto aliyekwisha kufika. Sisi twamtafutia anayekuja. Twaomba matawi yazungumze mambo haya, ili yaingie katika mapatano yetu na matajiri:

1. Kila mshahara unapojadiliwa, bei ya chakula cha jamaa iwekwe mezani: unga, maharagwe, maziwa, mboga na mafuta.

2. Mahali pa zamu pawe na chakula cha kweli na maji safi, na saa ya kula isikatwe.

3. Mfanyakazi anayetaka mtoto, mke au mume, apewe ruhusa yenye mshahara kwenda kliniki kupimwa uzito, damu na sukari kabla ya mimba.

4. Mwenye mimba aondolewe kubeba mizigo mizito na zamu za usiku, asipunguziwe mshahara wala cheo.

5. Kila tawi liwe na mizani na kamba ya kupimia, na muuguzi aalikwe kuwafundisha wanachama. Apimwaye asitangaziwe kilo zake.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na kifungu cha 43 humpa kila mtu haki ya afya na ya kutokuwa na njaa. Haki hizo zimeandikwa mbalimbali, lakini katika nyumba ya mfanyakazi ni jambo moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katibu wa kila tawi alete majibu ya mkutano wake kabla mapatano hayajafunguliwa, na wanawake wa tawi wasemee mambo haya wenyewe.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI